Leza kwenye mzizi wa jino: anayeosha ni dawa

Haya jamani, najua wengi mmekuja mkiamini leza inaingia ndani ya jino inachoma wadudu wote basi, niseme mapema tu sio hivyo, angalau hii ya Er:YAG (aina moja ya leza za meno) ninayotaka tuiongelee leo.

Tuanze na jino lenyewe. Mfereji wa mzizi, ile njia ya ndani ya jino tunayoisafisha likioza, haujanyooka, una kona, una vichochoro pembeni, na gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne ambao daktari mwenye haraka anaupita hivihivi. Zile faili, vyuma vyembamba tunavyochokonolea, zinapanua njia sawa, lakini wataalamu walipopiga picha za mikro-siti (eksirei za kina zinazoonyesha jino kwa ndani) wakakuta theluthi ya ukuta au hata zaidi faili haijagusa kabisa, na huko ndiko bakteria wanajibanza. Kwa hiyo kuosha ni kazi ya dawa, na dawa yenyewe wala si ya ajabu, ni sodiamu haipokloraiti, ileile iliyomo kwenye Jik mnayolowekea mashuka (msijaribu nyumbani tafadhali!). Inayeyusha nyama iliyooza na kuua bakteria, shida ni kwamba ukiipeleka na sindano peke yake, kule nchani hewa inabanwa na dawa haifiki.

Sasa leza. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 2940, maji yanaunyonya kwa nguvu mno, ukiupiga ndani ya dawa kipovu cha mvuke kinafumuka na kupasuka papo hapo, dawa inarushwa mpaka vichochoroni. Kwa mbinu ya PIPS (kuitikisa dawa kwa mapigo mafupi ya leza) ile ncha ya leza haiingii hata mferejini, inakaa juu kwenye chumba cha jino, na kila pigo ni nishati ya milijuli 20 au chini ya hapo.

Ni lazima? Kwangu mimi hapana. Altrasoniki (mashine ya mtetemo wa kasi) nayo inaitikisa dawa vizuri tu na mashine yake bei nafuu mbali sana. Mi ningeangalia kwanza kama daktari anafunga ule mpira wa kutenga jino, maana leza ya mamilioni halafu mate yanaingia mferejini, si kazi bure hiyo?

Na dada aliyeuliza kama inauma, ganzi unapigwa vilevile, utasikia tu ta-ta-ta-ta mdomoni, na miwani mnavaa wote, daktari, nesi na wewe uliyelala kwenye kiti.