Wana Tanga, tazameni ngazi za ghorofa zenu

Asalaam aleikum wana Tanga, shikamooni wakubwa. Leo kamera imo ndani ya ngazi za jengo refu hapa London. Mandhari ya nje tuyaache, tuutazame mlango huu wa kuzuia moto na moshi.

Grenfell Tower mnaijua, jengo la hapa hapa London lililoungua: ghorofa 24, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, watu 72 wakafariki. Moto ulianzia kwenye friji, nyumba moja ya ghorofa ya nne, ukatokea dirishani na kupanda kwenye paneli za nje za aluminiamu zenye plastiki katikati. Habari ya paneli imesemwa sana. Ngazi je? Ilikuwa moja tu jengo zima, na milango kadhaa ya nyumba haikujifunga baada ya watu kukimbia. Moshi ukaingia koridoni, kisha kwenye ngazi. Na moshi ndio unaoua wengi, kabla ulimi wa moto haujawafikia.

Haya, mlango. Ni mzito, una bawaba tatu za chuma, na juu kuna mkono wa kuuvuta. Nauachia… umejifunga mpaka kitasa kimeingia. Ukiishia njiani, umeharibika, hata kama unapendeza. Ndani ya fremu kuna utepe ambao ukipata joto la nyuzi 200 hivi huvimba na kuziba mwanya kati ya mlango na fremu. Mwanya huo uwe milimita 2 mpaka 4. Ukizidi, utepe hautoshi. Uingereza, tangu Januari 2023, nyumba za ghorofa zinazozidi mita 11 lazima milango ya koridoni ikaguliwe kila miezi 3, na ya nyumba za watu kila mwaka. Kwa Raskazone, ambako chumvi ya bahari inakula bawaba na spiringi, mimi ningekagua kila mwezi. Ni kazi ya dakika kumi na kopo la grisi. Na lile jiwe la kuuzuia mlango ubaki wazi upepo uingie, liondoeni. Najua joto la Tanga, lakini liondoeni.

Ngamiani, nyumba za duka chini na wapangaji juu, shida iko pengine: uvungu wa ngazi. Pale ndipo zinapolala pikipiki, na tangi la petroli ndani yake. Pale ndipo inapowekwa mitungi ya gesi, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kutulia, ikisubiri cheche. Moto ukianzia hapo, ngazi inakuwa bomba la moshi na wa juu hawana pa kupita. Geti la grili nalo, likifungwa kufuli usiku na ufunguo anao mlinzi, limekuwa mtego. Wekeni komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na mlango wa kwenda darini vilevile.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakipuuza: matundu ya nyaya na mabomba yanayotoboa zege kutoka ghorofa hadi ghorofa. Moshi unayapenda hayo. Fundi atakupulizia povu la njano akakwambia kazi imekwisha. Povu la kawaida linawaka. Bomba la chuma lizibwe kwa mota ya saruji. Bomba la plastiki huyeyuka na kuacha tundu, kwa hiyo linavalishwa kola maalumu inayovimba na kulibana. Kwenye nyaya tumieni pamba ya mawe iliyopakwa rangi ya kuzuia moto, maana saruji mtaivunja kila mkiongeza waya, na fundi wa pili hataziba tena. Hataziba!

Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 6 unaisha chini ya nusu dakika, basi ni wa moto mdogo tu. Mshale uwe kwenye kijani. Kama ni wa unga, ugeuzeni juu chini mara kwa mara, unga usigande. Simameni upande wa mlango wa kutokea, elekezeni kwenye shina la moto.

La mwisho ni la kopo la rangi. Kwetu mmoja akisema "ghorofa ya kwanza" anamaanisha ya chini, mwingine anamaanisha moja juu. Andikeni namba kubwa ya ghorofa ukutani, kila ghorofa pale ngazi inapofikia, rangi nyeupe juu ya nyeusi, usawa wa macho na nyingine karibu na sakafu, kwa sababu moshi unaanza kujaa juu. Mkipiga 114, Zimamoto waambieni barabara ya ngapi, karibu na nini, na namba ile ile iliyoandikwa ukutani.