Kazi yangu huku Derby: zabuni za usalama wa mtandao kwenye reli

Ndugu zangu, habari za tangu wiki ile? Wakubwa zangu wote, shikamooni. Leo niko nje ya stesheni ya Derby, huku Uingereza, upepo unavuma, mtanivumilia kwa sauti. Mji huu umeishi kwa reli tangu miaka ya 1840, na mabehewa yanaundwa mpaka leo pale Litchurch Lane, si mbali na hapa niliposimama.

Kuna swali linanifuata kila video. "Kaka, wewe mtu wa usalama wa mtandao, na reli wapi na wapi?" Nalijibu leo, halafu niwaambie kazi yenyewe ilivyo, maana wengi mnadhani nashinda nimekaa nawinda wadukuzi.

Agosti 2023, Poland, treni zipatazo 20 zilisimama ghafla karibu na Szczecin. Hakuna seva iliyovunjwa. Redio za zamani za reli yao zina mlio maalumu wa dharura, na treni inayousikia inafunga breki yenyewe. Mlio ule haukuwa na ulinzi wa aina yoyote, na namna ya kuupiga ilikuwa inajulikana hadharani. Mtu mwenye redio ya bei nafuu anatosha. Mwaka uliotangulia, tarehe 29 Oktoba 2022, treni za DSB, shirika la reli la Denmark, zilisimama kwa saa kadhaa. Hapo aliyeshambuliwa hakuwa DSB. Ilikuwa kampuni ya nje inayowatengenezea programu, ile ambayo dereva anasomea taarifa za mwendo na matengenezo ya njia. Kampuni ikazima seva zake, programu ikafa, madereva wakasimama. Wenzetu wa Kenya mnakumbuka Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa, kukata tiketi ya treni nako kukawa tabu.

Sasa mimi kazi yangu inaanza mapema kuliko hapo, treni ikiwa bado karatasi. Mwenye reli anapotaka mitambo mipya ya ishara za kuongoza treni au treni mpya, anatoa hati za zabuni. Kurasa mia kadhaa, na humo ndani ndiko yalikojificha masharti ya usalama wa mtandao. Mimi nayachambua, nakaa na mainjinia, tunaandika majibu, tunapanga bei. Tukishinda, naendelea kuusimamia mradi wenyewe.

Ngoja niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo pesa na usalama vinapotea. Tunajaza jedwali. Kushoto kuna sharti, kulia unaandika: tunakubali, tunakubali kwa sehemu, hatukubali. Sharti moja, kila zabuni linakuja kwa maneno yanayofanana: "Mzabuni atahakikisha programu za mfumo zinasasishwa katika uhai wake wote." Sentensi moja. Mtu aliyechoka saa tano usiku anaandika "tunakubali" anakwenda zake.

Uhai wake wote ni miaka mingapi? Treni inatembea miaka 30, nyingine 35. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Miaka kumi. Kompyuta iliyofungwa ndani ya behewa mwaka 2016 ina miongo miwili ya kazi mbele yake, na aliyeiandikia programu ameshanawa mikono. Nani atalipa?

Tena reli si kama simu yako, unabonyeza "sasisha" unalala. Ukigusa programu inayohusiana na ishara, lazima uijaribu maabara, uandike ushahidi kwamba hujaharibu usalama wa abiria, mtu wa kujitegemea aupitie, ndipo uombe njia ifungwe usiku ukaiweke hiyo programu. Usiku mmoja wa kufungiwa njia unaombwa miezi kabla. Hiyo yote ni gharama, na kama haimo kwenye jedwali la bei siku ya kuwasilisha, haitakuwepo kamwe.

Niliwahi kurithi mradi wa namna hiyo. Aliyeandika zabuni alikwishaondoka, kaacha "tunakubali" lake. Likatokea tundu la kiusalama kwenye kifaa tulichofunga, mtengenezaji akatoa sasisho, sisi hatukuwa na senti ya kulifunga. Mteja akasema mkataba unawabana. Kampuni ikasema uhai wote maana yake kipindi cha dhamana, miaka miwili. Barua zikaenda zikarudi miezi saba, na tundu liko wazi. Treni zinapita, watu wamebeba watoto wao. Mimi nilikuwa siwezi kulala vizuri kipindi kile, nawaambia ukweli.

Siku hizi sijibu sharti lile kwa neno moja. Nauliza swali la ufafanuzi mapema, na huku jibu linatumwa kwa wazabuni wote, kwa hiyo kila mtu anapanga bei kwa kipimo kile kile. Halafu nagawa bei ya masasisho kwa miaka, mteja aone kwa macho yake kila mwaka unamgharimu nini.

Kingine ninachokipigania ni hesabu ya vifaa. Usiku mmoja wa Februari, baridi ya kuuma, tuliingia kwenye kibanda cha mitambo kando ya reli, mimi na injinia mama mmoja mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini. Nguo za rangi ya chungwa juu hadi chini, ndiyo sheria huku. Njia ilifungwa saa saba kasoro robo, ilitakiwa ifunguliwe saa kumi alfajiri. Nilikuwa na michoro na orodha ya vifaa 23. Tukafungua kabati moja baada ya jingine, tochi mdomoni, tunafuata kebo kwa vidole. Tukahesabu 26.

Viwili vilikuwa swichi za akiba, havina neno. Cha tatu kilikuwa kimodemu kidogo chini kabisa, taa ya kijani inapepesa, antena imebandikwa kwa utepe nyuma ya kabati. Juu yake karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino: USIZIME. Mama yule akakiangalia muda mrefu, akasema hajawahi kukiona. Baadaye tukagundua mkandarasi fulani wa matengenezo alikiweka ili asome joto la betri akiwa ofisini kwake. Mkataba wake uliisha miaka mingi nyuma. Laini ya simu ilikuwa bado inalipiwa, na neno la siri ni lile lile la kiwandani. Mlango wa nyuma kabisa, kando ya reli wanapopita maelfu ya watu kila siku.

Ndiyo maana kila zabuni yangu sasa, kazi ya kwanza kwenye bei ni kutembea njia nzima na kuhesabu vifaa kwa macho. Viwango tunavyotumia, IEC 62443 ya usalama wa mtandao kwenye mitambo ya viwandani na ile TS 50701 iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2021 kwa ajili ya reli hasa, vinataka ugawe mfumo katika kanda na ulinde kila njia inayounganisha kanda na kanda. Huwezi kugawa usichokijua. Tumewahi kukosa zabuni kwa sababu ya mstari huo, mshindani wetu hakuuweka akawa rahisi kuliko sisi. Bado siuondoi.

Na nyumbani linatuhusu. SGR yetu ya Dar hadi Dodoma inatumia ETCS, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo wa treni, daraja la pili, maana yake dereva anapata ruhusa ya kusonga mbele kwa redio, kwenye skrini iliyo mbele yake, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Nilipanda likizo iliyopita, nilijisikia fahari mpaka machozi. Ninyi mnaoandika hati za zabuni za awamu zijazo, andikeni sharti la masasisho kwa miaka, mtaje nani analipa mwaka wa kumi na tano. Na wewe kijana uliyesoma TEHAMA unayeniuliza uanzie wapi, cheti cha udukuzi ni kizuri, lakini chukua hati moja ya zabuni iliyotangazwa, kaa nayo jioni nzima, zungushia duara kila sentensi yenye "atahakikisha". Kisha jiulize kila moja inagharimu watu wangapi na siku ngapi. Wanaojua kufanya hivyo ni wachache, hata huku.

Wale mnaopambana na NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni kule Tanzania, mnaijua presha ya saa ya mwisho. Zabuni yetu inafungwa Jumanne saa sita mchana. Imebaki karatasi moja, bei za mwaka wa sita kwenda mbele, na mkuu wangu anataka niipunguze. Narudi ofisini kumweleza kwa nini haipunguzwi.