Wiki ya Sita Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho

Shikamooni wazee wangu. Leo nazungumza na ninyi wenye kisukari mliotolewa mtoto wa jicho, na hawa vijana wanaowashika mkono kuja kliniki, kuhusu dawa za matone na kliniki ya wiki ya sita.

Upasuaji wenyewe sitauelezea sana. Lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, kesho yake bandeji inafunguliwa na mtu anaona. Tabu ni kwamba akishaona, chupa za dawa zinasahaulika kabatini.

Jicho lililopasuliwa lina jeraha, na jeraha hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazolegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Kwenu kuta hizo tayari zimechakazwa na sukari ya miaka mingi. Maji huvuja na kutuama kwenye makula, sehemu ndogo ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Uvimbe huu hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 6. Hauumi, jicho haliwi jekundu. Uoni hufifia tu, na mgonjwa anadhani ni miwani.

Ndiyo maana tunawapa matone ya aina mbili: ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), kama prednisoloni au deksamethasoni, na yasiyo ya steroidi, kama nepafenaki, ambayo mwenye kisukari anaweza kuandikiwa hadi siku 60. Najua hii ya pili ina bei. Ikikushinda sema, tutafute njia, usiiache kimyakimya. Huko Ulaya, utafiti wa PREMED uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari, sindano ya triamsinoloni, nayo ni steroidi, chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho inazuia uvimbe huo, ila wengine ilipandisha presha ya jicho. Matone ya steroidi nayo yanaweza kuipandisha, kwa hiyo usijiongezee chupa duka la dawa bila kupimwa.

Prednisoloni itikise kwanza, la sivyo dawa inabaki chini ya chupa. Kati ya tone la dawa moja na nyingine subiri dakika 5. Vidonge vya sukari na insulini endelea navyo kama ulivyoelekezwa.

Maumivu makali, wekundu unaozidi na uoni kushuka siku za mwanzo ni jambo jingine: huenda ni maambukizi ndani ya jicho. Hapo usingoje tarehe ya kliniki, njoo hata usiku.

Wanaotoka mbali wamwone muuguzi pale mlangoni, awapangie kliniki ya wiki ya sita siku moja na ile ya sukari, nauli iwe moja.