Mafuta ya Kupaka Mbao: Kuyachagua na Kuyatunza

Karibuni karakana. Meza hii ya mninga imeshapigwa msasa, inasubiri mafuta tu. Ila kabla hatujashika tambara, tazameni kioo hiki. Juzi nilikipaka huku mafuta ya nazi, huku linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani. Nagusa nazi: kidole kimelowa. Nagusa linsidi: imeganda. Linsidi hukauka kwa kuvuta hewa, ilhali nazi haikauki hata ukingoja mwaka. Alizeti ya jikoni nayo iache jikoni, itakunatia na kukusanya vumbi.

Dukani, soma kopo. Linsidi mbichi huchukua wiki kadhaa kukauka. Ile inayoitwa ya kuchemshwa hukauka kwa siku moja hivi. Nyingi hata hazijaona moto, zimetiwa tu dawa za kukausha zenye madini kama kobalti na manganizi. Ndiyo maana mwiko na ubao wa kukatia nyama sivipaki hiyo. Tumia mafuta safi ya tung, yaani ya mbegu za mti wa tung, yasiyotiwa dawa hizo, kisha usikiguse chombo kwa mwezi mzima.

Haya, paka. Kidogo, uyasugue yaingie, subiri dakika 15, halafu futa yote yaliyobaki juu. Yote! Ukiacha, meza itanata. Mbao za mtiki zina mafuta yake zenyewe, kwa hiyo zipanguse kwanza kwa tina, ile ya kuzimulia rangi.

Mafuta yaliyobaki sasa. Kopo likiwa nusu, hewa iliyomo ndani inaanza kuyagandisha, unakuta ngozi juu. Yahamishie kwenye chupa ndogo ya kioo. Hayajafika shingoni? Dondosha gololi safi, hivi... mnaona yanavyopanda? Futa mdomo, funga, andika jina na tarehe. Weka penye giza na ubaridi. Chupa ya soda hapana, mtoto atakunywa.

Na hili tambara, tafadhali msilikunje mkalitupa pembeni. Mafuta yakivuta hewa hutoa joto, na ndani ya mkunjo joto halina pa kutokea. Linaweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti, saa chache baada ya wewe kufunga karakana. Nalitandaza nje kwenye waya, peke yake, lisilaliane na lingine. Kama hamna nafasi, lizamisheni kwenye kopo la bati lenye maji, mfunike. La kwenye waya likishakakamaa kabisa, ndipo mnalitupa.