Wimbo wa Polepole Haumfichi Mpiga Tarumbeta

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wapigaji wa bendi za matarumbeta na za makanisani)

Itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na mliobanana kule nyuma kwenye joto, poleni.

Kazi yenu naijua. Korosho zikishauzwa mnadani na fedha ikaingia mifukoni, hamlali. Mnapakiwa kwenye pikapu kutoka Shangani mpaka Mikindani, bibi harusi mbele, ngoma nyuma, mnapuliza mpaka midomo inavimba. Sina ugomvi na kazi hiyo, inalisha watu. Ila kuna jambo ambalo pikapu haiwezi kukufundisha hata ukikaa juu yake miaka kumi, nalo ni kumsemesha mtu mmoja aliyekaa kimya anakusikiliza.

Tuanze na chombo chenyewe. Tarumbeta lina vali tatu tu, yaani vile vibonyezo vya vidole. Kazi kubwa inayobaki ni ya midomo na pumzi. Enzi na enzi limetumika kuita askari na kutangaza wafalme. Limezaliwa kupiga kelele, kwa hiyo ukitaka linong'one itabidi ulibembeleze. Wewe kijana wa shati la bluu, simama. Toa noti ya so ya katikati, laini kadiri unavyoweza, usiache mpaka nikuambie.

(Anapiga. Sauti inatetemeka, inakatika, inarudi.)

Asante, kaa. Msimcheke, maana hata mimi ningetetemeka. Angepuliza kwa nguvu, noti ile ile ingesimama bila shida. Hewa ikipungua, midomo haina kinachoisukuma sawasawa, inaanza kugombana. Kwenye wimbo wa kasi kasoro hiyo hupita upesi na ngoma ikaifunika. Kwenye baladi, yaani wimbo wa taratibu wa hisia, noti inabaki peke yake hadharani, na ukumbi mzima unajua una pumzi kiasi gani na una hofu kiasi gani.

Sasa nendeni kwa Clifford Brown, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani. Huyu alikuwa na vidole vya ajabu, kwa kasi hakuna aliyemtisha. Januari 1955 akaingia studio New York na wapiga fidla na ala nyingine za nyuzi, akiwa na miaka 24, akarekodi santuri nzima ya nyimbo za taratibu. Mnajua alifanya nini? Karibu hakufanya kitu. Anapiga wimbo kama ulivyotungwa, anachelewa kidogo hapa, anavuta noti pale, basi. Wapo waliotaka awaonyeshe ufundi, na mimi nasema ufundi ndio ule. Mtu anayeleta taarifa ya msiba hapigi mbio maneno. Anakaa, anapewa maji, ndipo anasema, na kila neno linaingia. Brown alipiga namna hiyo. Juni mwaka uliofuata akafa kwa ajali ya gari, ana miaka 25. Rafiki yake Benny Golson akamtungia baladi ya maombolezo, na mwaka 1957 mpiga tarumbeta Lee Morgan akaipiga kwenye santuri akiwa na miaka 18. Kumi na minane! Isikilizeni, kisha mniambie kama hisia zinangoja mvi.

Mtetemo wa sauti ni jambo jingine. Louis Armstrong, mkongwe wa tarumbeta la jazz, anaishika noti ikiwa imenyooka, halafu mwishoni anaitetemesha. Kwenye rekodi yake ya West End Blues ya mwaka 1928 anashikilia noti moja ya juu kwa vipimo vinne vizima vya mapigo. Mpigaji mwingine angejaza nafasi ile kwa noti hamsini. Miles Davis, naye mpiga tarumbeta wa jazz, tangu shuleni, mwalimu wake alimkataza kutetemesha: ukizeeka utatetemeka tu, usiharakishe. Akabaki na sauti kavu, iliyonyooka. Akaongeza kiziba cha bati cha kufifisha sauti kwenye tundu pana la mbele ya tarumbeta, akachomoa kile kijibomba cha katikati, akasogea karibu kabisa na maikrofoni. Sikilizeni Blue in Green ya mwaka 1959. Wote wawili wanakuumiza, ila kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kutetemesha ndiyo hisia.

Na mpiga tarumbeta Chet Baker? Ndiye ninayempenda kuliko wengi, ingawa hakuwa na noti za juu za kutisha. Alikaa katikati, pale sauti ya binadamu inapokaa, na kwa kweli alikuwa pia mwimbaji. Ukimsikia anaimba kisha anapiga, unaona ni mtu yule yule. Mwaka 1966 alipigwa, meno yakaharibika, ikabidi ajifunze upya na meno ya bandia. Kwa mpiga tarumbeta, kupoteza meno ni kama kuanza maisha upya.

Hapo kwenye kuimba ndipo nataka tukae. Dexter Gordon, ingawa alikuwa mtu wa saksafoni, alizoea kuwasomea watu maneno ya baladi kabla ya kuipiga. Ninyi mnapiga nyimbo za dansi na za dini kila wiki: maneno yake mnayajua? Bendi zetu za zamani, kina Kilwa Jazz na NUTA Jazz, zilijiita jazz ingawa hazikupiga muziki wa Armstrong, lakini wapiga matarumbeta na saksafoni wao walimsikiliza mwimbaji. Anapovuta pumzi, wanajibu. Chukueni wimbo mmoja wa zamani wa taratibu. Uimbeni kwanza. Pale mwimbaji anapopumua nanyi mpumue papo hapo, hata kama mapafu bado yana akiba. Mkikata sentensi katikati kwa sababu tu hewa imeisha, msikilizaji anajua.

Nimepewa karatasi hapa, kuna anayeuliza vile viziba tutavipata wapi. Cha Miles itabidi uagize. Lakini katika bendi ya jazz ya Duke Ellington, mpiga tarumbeta Cootie Williams alitumia kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki, akakifungua na kukifunga kwa mkono mpaka tarumbeta likasema kama mtu. Hicho kipo duka lolote la vifaa vya ujenzi. Toa mpini, osha vizuri, na ununue kipya, tafadhali, usichukue cha chooni kwenu. Swali lingine?