Zile Asilimia Tatu: Mhadhara Kuhusu Utunzaji wa Mitambo ya Upepo

Mabibi na mabwana, wahandisi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kuja.

Ripoti nyingi za mashamba ya upepo hujivunia namba moja: mitambo ilikuwa tayari kufanya kazi kwa asilimia 97 ya mwaka. Meneja anafurahi, mwekezaji naye anafurahi. Mimi huuliza: zile asilimia 3 zilizobaki, upepo ulikuwa unavumaje?

Asilimia 3 za mwaka ni kama saa 263. Sasa kumbukeni fizikia yenu. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo upepo wa mita 10 kwa sekunde una nguvu mara nane ya ule wa mita 5. Saa hizo 263 zikiangukia siku za upepo hafifu, hasara yake haisumbui. Zikiangukia msimu wa upepo mkali, umepoteza umeme mwingi, na ripoti bado inasema 97.

Tena mitambo haiharibiki kwa bahati nasibu. Inapobebeshwa mzigo mkubwa ndipo udhaifu wake unapojitokeza, na upepo huohuo ndio unaomzuia fundi kupanda. Baharini ni balaa zaidi: boti za kawaida za mafundi hukwama mawimbi yakizidi kimo cha mita 1.5 hivi. Hitilafu ya kurekebishwa kwa nusu saa inaweza kungoja siku nyingi. Kwa hiyo ninachokitetea leo ni hiki: chagua mwenyewe siku ya kuusimamisha mtambo, kabla mtambo haujakuchagulia.

Utachaguaje? Anza na giaboksi. Kwenye mitambo mingi rota, yaani mapanga pamoja na kitovu chake, huzunguka kama mara 15 kwa dakika, na jenereta inataka mizunguko 1,500. Giaboksi ndiyo inayozidisha mara mia, na beringi zake hulipa gharama. Hitilafu za umeme na za mifumo ya udhibiti hutokea mara nyingi zaidi, lakini mara nyingi hutengenezwa haraka. Giaboksi hufa mara chache, ila ikifa unahitaji kreni kubwa, na kreni nayo haifanyi kazi kwenye upepo mkali.

Habari njema ni kwamba beringi haifi kimyakimya. Vihisi vya mtetemo vinaweza kuisikia ikianza kuchakaa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kabla ya kukatika. Oili nayo hubeba chembe za chuma zinazokueleza kinachoendelea ndani. Ukiwahi, baadhi ya beringi za upande wa kasi hubadilishwa hukohuko juu ya mnara bila kreni kubwa. Ukichelewa, unanunua giaboksi nzima.

Na kama hamna bajeti ya vihisi vipya, msikate tamaa. Kompyuta ya mtambo tayari inarekodi halijoto kila dakika 10. Linganisha majirani: mitambo miwili inayotoa umeme sawa kwenye upepo uleule, mmoja beringi zake zina joto zaidi. Huyo mpeleke fundi. Nimeona vyumba vya udhibiti vyenye skrini za kila aina na hakuna anayefanya ulinganisho huu rahisi.

Ulinganisho huo una upofu wake, lakini. Mitambo ikiwa ya muundo mmoja, kasoro ya mmoja huenda ikawa ya wote. Horns Rev 1, shamba la upepo la baharini huko Denmark, lilikamilika mwaka 2002 likiwa na mitambo 80. Mwaka 2004 vibanda vyote 80 vya mashine vilishushwa kutoka minarani na kurudishwa nchi kavu kwa sababu ya matatizo ya transfoma na jenereta. Kwa hiyo kipuri kikifa mapema mara ya pili, simamisha kila kitu na utafute chanzo, usiagize kingine tu.

Kuna hasara isiyoonekana kabisa kwenye ile asilimia 97. Ncha za mapanga hukata hewa kwa mita 80 kwa sekunde au zaidi, karibu kilomita 290 kwa saa. Kwa kasi hiyo matone ya mvua hutafuna ukingo wa mbele wa panga. Mtambo unazunguka, unahesabiwa mzima, na umeme unapungua. Droni hupiga picha za mapanga bila fundi kuning'inia kwenye kamba. Kiraka cha mapema ni nafuu kuliko panga jipya.

Mwisho, someni mikataba yenu. Mkandarasi anayepimwa kwa saa ambazo mtambo uko tayari hana sababu ya kuahirisha sevisi ya mwaka hadi upepo utulie, maana kwake saa ni saa. Mpimeni kwa umeme uliopotea ukilinganishwa na upepo uliokuwepo, na mtaona ratiba ya sevisi ikihamia yenyewe kwenye miezi ya utulivu. Kifungu hicho kinabishaniwa sana mezani, hasa juu ya nani anapima upepo, kwa hiyo kubalianeni kuhusu kipimo kabla ya kusaini.

Karibuni kwa maswali. Naona mikono huko nyuma.