Boriti Haiingii: Kubadilisha Kigawaji Memori kwenye Linux, Mac na Windows

ATHMAN: Assalamu alaykum, wasikilizaji. Tuko Mkomani, Lamu, na mkisikia punda, basi ni wale wanaoshusha mawe hapa chini. Dada Mwanaisha, nasikia mashine ya kule wanakoshusha samaki iligoma.

MWANAISHA: Waalaykum salaam. Mashine iliwaka, kaka. Iliyogoma ni programu yangu ya kuandikisha samaki. Nyumbani ilikwenda vizuri kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Nikaihamishia kwenye Raspberry Pi 5, ikafa hata haijaanza. Ikaniambia ukubwa wa kurasa za memori haukubaliki.

ATHMAN: Na zote mbili zina prosesa za ARM, zote Linux?

MWANAISHA: Zote! Kumbe kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwenye Pi 4 hukata memori kwa kurasa, yaani vipande, za kilobaiti 4, na ile inayokuja na Pi 5 hukata kwa kilobaiti 16. Nilikuwa nimekompaili jemalloc, kigawaji kinachoipa programu memori, kwenye Pi 4, nayo ikapima kurasa za pale pale na kuamini ndivyo ilivyo kila mahali. Kosa langu. Nikaikompaili upya kwa --with-lg-page=16, yaani kurasa za kilobaiti 64, ikakubali kote kuwili. Inakula memori zaidi kidogo, lakini naikubali hasara hiyo.

ATHMAN: Kila mfumo una malloc yake, yaani kazi ya kuomba memori. Mbona usitumie hiyo hiyo?

MWANAISHA: Umepata kuona jahazi la boriti likishusha nusu ya shehena, boriti moja huku, moja kule? Nafasi ukizijumlisha zatosha, lakini boriti ndefu haiingii popote. Programu inayokesha wiki nzima hufikia hapo. Jason Evans aliiandikia FreeBSD jemalloc mwaka 2005 kwa sababu ya nyuzi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, zinazogombea memori kwa wakati mmoja, na hata nafasi hizo zilizotawanyika huzipanga vizuri.

ATHMAN: Haya, kuitambua wakati wa kujenga programu, kama ipo kwenye mashine. Mimi huangalia kama faili ya heda, inayotangaza majina ya maktaba, ipo, basi.

MWANAISHA: Heda yaweza kuwapo na maktaba isiwepo. Wengine hujaribu kuunganisha programu ndogo inayoita malloc. Jaribio hilo halishindwi kamwe, maana malloc iko kila mahali! Uliza jina ambalo mwenyewe pekee analo: mallctl kwa jemalloc, mi_version kwa mimalloc, kigawaji cha Microsoft. Na kwenye Mac ukumbuke kwamba jemalloc kwa kawaida hujitia kiambishi, ikawa je_mallctl. Ukiuliza mallctl utaambiwa haipo, kumbe ipo.

ATHMAN: Isipopatikana?

MWANAISHA: Kama mtu aliiomba kwa jina, simamisha ujenzi. Usimpe nyingine kimya kimya. Kama hakuchagua, tumia ya mfumo, lakini mwambie.

ATHMAN: Kuiingiza bila kukompaili upya je? Linux mimi hutumia LD_PRELOAD, inayopakia maktaba yangu kabla ya nyingine.

MWANAISHA: Linux ni rahisi hivyo. Mac ina DYLD_INSERT_LIBRARIES, ila programu zinazolindwa na mfumo huipuuza. Windows ndiko kwenye kazi. Kila DLL, yaani faili ya maktaba ya Windows, inaweza kuja na maktaba yake ya C na akiba yake ya memori. Ukichukua memori kwenye DLL moja ukairudisha kwa free ya nyingine, programu inaanguka, tena pengine baadaye sana, mahali usipopatilia shaka. Kwa hiyo kila maktaba ninayoandika ina kazi yake ya kurudisha ilichotoa.

ATHMAN: Hata memori iliyopangiliwa, ile inayoanza kwenye anwani inayogawanyika kwa namba maalumu?

MWANAISHA: Hiyo hasa. Kwenye Windows, kilichotoka kwa _aligned_malloc hurudi kwa _aligned_free, si kwa free. Linux na Mac, kilichotoka kwa posix_memalign hurudi kwa free ya kawaida. Ukibadilisha malloc na free ukaisahau posix_memalign, umeshachanganya wenye mali wawili.

ATHMAN: Na pale kwenye samaki, unajuaje kwamba ni jemalloc kweli inayofanya kazi?

MWANAISHA: Naiuliza yenyewe. Programu ikianza, inaita mallctl mara mbili, "version" kisha "arenas.page", inaandika majibu kwenye logi kabla ya jambo lolote. Jana usiku niliifungua: toleo lipo, na kurasa ni 65536.